Kumi na Mmoja Ndani, Mmoja Dirishani

Mjukuu wangu ana njia yake ya kujua kama wimbo umeiva. Kwanza anausikiliza kwa zile spika zake mbili kubwa chumbani. Halafu anaucheza kwa simu iliyolazwa kifudifudi mezani. Mwisho anauleta jikoni, anauunganisha kwa waya na redio yangu ndogo iliyo juu ya friji, kisha anasimama mlangoni na kikombe chake cha chai, ananitazama nikichambua mchele. Haniulizi kitu. Nikiendelea kuchambua, wimbo umeiva. Nikiinua kichwa, anarudi chumbani, maana kuna kitu kimenichoma sikio na ni lazima akitafute.

Kazi yake inaitwa mastaringi. Mimi niliachia darasa la tatu, kwa hivyo alinieleza polepole. Wimbo ukimfikia umeshaimbwa, ngoma na magitaa yameshachanganywa, na walioimba wameshaenda zao. Yeye ndiye wa mwisho kuugusa kabla haujatoka kwenda kwa watu. Anausawazisha ili usiume masikio kwa redio ya gari, usipotee kwa simu, usingurume kwa spika za kanisa.

"Mimi ni yule anayemfunga bibi harusi vifungo vya mgongoni, shosho," aliniambia. "Nikimaliza, mlango unafunguliwa."

Nikamwambia ni kazi nzuri. Sikumwambia nilichowaza, kwamba hata maiti ana mtu wa mwisho wa kumfunga vifungo.

Anafanyia kazi katika chumba alichokuwa akilala babu yake, hapa kwetu mtaa wa Tena, Nairobi. Ukutani ametundika mablanketi yetu mazito ya zamani, na kwenye pembe amesimamisha magodoro ili sauti isigonge ikarudi. Ukiingia mle na kusema neno, neno linakufa mdomoni. Mara ya kwanza niliogopa, nikatoka. Kazi yenyewe ya masikio anaifanya kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba, watu wakiwa kazini na watoto shuleni. Hata hivyo ndege zinazoshuka uwanja wa Embakasi hupita juu yetu. Ikipita, yeye huondoa mikono kwenye mashine na kungoja, kama mtu anayempisha mkubwa njiani.

Wateja wake wengi ni vijana. Siku moja alikuja mmoja wa Komarock, miwani myeusi ndani ya nyumba, akasikiliza wimbo wake na kutikisa kichwa.

"Madam, hii bado haijagonga. Nataka ikicheza baada ya ngoma ya mwingine, ya mwingine ionekane imelala."

"Nikiipandisha tena itakuwa ukuta mtupu."

"Ukuta ndio nataka."

"Na watu wataingilia wapi?"

Kijana akanigeukia mimi niliyekuwa nimeleta chai. "Shosho, ongea na huyu mtoto wako."

"Ongea naye wewe," nikamwambia. "Mimi nimesikia tu kwamba umekasirika. Sijasikia umekasirikia nini."

Alicheka mpaka akavua miwani, akanywa chai vikombe viwili, na wimbo ukabaki vile mjukuu wangu alivyotaka.

Siku hiyo ndiyo nilimuuliza huko kupandisha anapandishaje. Akanieleza jambo ambalo baadaye lilinifuata mpaka kitandani. Alisema sauti haipandi kwa kuvuta zile kubwa. Unazibana zile kubwa zisivuke mahali fulani, halafu unainua yote kwa pamoja. Kubwa hazisongi. Zinazopanda ni zile ndogo: pumzi ya mwimbaji, kiti kinacholia, mtu anayekohoa nyuma ya wengine.

"Ni kama mto ukipungua maji, shosho. Vitu watu walitupa vinaanza kuonekana."

Haikupita miezi mingi, mwenyekiti wetu wa zamani wa kwaya ya akina mama akaja na kaseti ndani ya mkoba, ameifunga kwa kitambaa cha kichwa. Yeye sasa anakaa Komarock kwa mwanawe. Kanisa letu lilikuwa linatayarisha Jumapili ya kuwakumbuka mama walioianzisha kwaya ile, na alitaka kaseti yetu ichezwe mbele ya watu.

"Imejaa mchanga," akamwambia mjukuu wangu. "Toa makelele yote, mwanangu. Na huko mwanzo kuna mahali tunaitana majina, kata kabisa. Anza na wimbo."

Kwenye kaseti tulikuwa wanawake kumi na mmoja. Leo tumebaki watatu, na huyo wa tatu hajui tena kwamba aliwahi kuimba.

Majina yao wote ninayo. Nina majina yao, ya waume zao, ya watoto waliozikwa wakiwa hawajatimiza mwaka. Watu hunishangaa, lakini asiyejua kuandika vizuri ataweka wapi vitu vyake? Anaweka kichwani. Ila hapa sitaandika jina hata moja. Nikianza itabidi niyaandike yote kumi na mawili, na kuna moja ambalo niliwahi kuliruka. Sina haki ya kuja kuliweka sasa kwenye karatasi kana kwamba lilikuwepo siku zote.

Mjukuu wangu aliifanyia kaseti ile kazi kwa siku tatu. Kila ilipozunguka iliacha unga wa kahawia kwenye mashine, na alikuwa akiufuta kwa pamba. "Hii inakufa, shosho," alisema. "Nimeikamata kwa kompyuta mara moja. Ya pili haitakuwa nzima. Nitakachobakisha mimi ndicho kitakachobaki."

Siku ya nne akaileta jikoni. Nilikuwa na sinia mapajani. Hakuwa ameukata ule mwanzo. Yeye hakati kitu kabla sijakisikia. Redio ikavuma kidogo, halafu nikajisikia mimi mwenyewe, sauti nyembamba ya mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nikiita majina. La kwanza, nipo. La pili, nipo. Mikono yangu iliendelea na mchele. La tatu, la nne, la tano, la sita. Kisha pakawa na nafasi ndogo, kama ya kumeza mate. Na katika nafasi hiyo, mbali, chini ya ule mvumo, mtu akasema, "Nipo."

Sikuinua kichwa. Sinia ndiyo iliyoanguka.

Mjukuu wangu aliinama, akaanza kukusanya mchele sakafuni. Alikuwa ameisimamisha sauti kwanza. "Kuna mtu nje ya dirisha," akasema bila kunitazama. "Na kwenye wimbo yupo pia. Anaimba ile sauti ya pili, anaijua yote. Nilidhani ni mwangwi, lakini mwangwi hauvuti pumzi. Ni nani?"

"Mpita njia," nikasema.

"Mpita njia anaitika majina?"

"Ulimwengu una watu wengi."

Hakuniuliza tena. Mimi nilikuwa nimemlea; alijua nikisema neno kama hilo, mlango umefungwa. Lakini jioni alisema akiwa anaosha vyombo, "Mwenyekiti ameniambia nitoe makelele. Huyo mtu naweza kumshusha mpaka asisikike na yeyote. Ni kazi ya dakika mbili. Nangoja neno lako."

Kaseti ile imechezwa miaka karibu arobaini. Imechezwa kwa harusi, kwa matanga, kwa redio za kila aina, na hakuna siku ile sauti iliwahi kutoka. Nilikuwa nimeishukuru kaseti. Nilijiambia labda mashine haikushika, labda ni mimi tu niliyesikia. Kumbe alikuwa mle siku zote, chini ya sisi, anangoja tubanwe.

Baada ya siku hiyo nyumba haikuninyamazia tena. Friji yetu ina tabia ya kuunguruma kisha kujizima yenyewe. Ikijizima, katika kile kimya cha kwanza, namsikia. Nikizima mfereji, namsikia. Si kwa ukali. Anasema vile alivyosema, kama mtu ameitwa na ameitika, basi. Siku ya tano baada ya hapo nikaingia chumbani kwa mjukuu wangu, kwenye kile kimya cha mablanketi ambacho hunitisha, nikakaa juu ya kiti chake, nikamweleza.

Katika kwaya mimi sikuwa na sauti ya kusifiwa. Kazi yangu ilikuwa kuita majina. Tulikuwa kumi na wawili, na kila Jumamosi kabla ya mazoezi niliwaita kwa jinsi walivyofuatana kujiunga, bila daftari, na kila mmoja akajibu kwamba yupo. Jina la saba lilikuwa la rafiki yangu. Alitoka upande wa magharibi, kwao mvua hunyesha alasiri karibu kila siku, na alikuwa akilalamika kwamba Nairobi ina vumbi la kutosha kuzika mtu aliyesimama. Alifanya kazi katika kiwanda cha biskuti. Nguo zake zilinukia vanila hata kanisani, na watoto walikuwa wakimfuata bila kujua wanafuata nini. Yeye ndiye aliyetufundisha kuimba sauti ya pili. Mimi alinifundisha kwa kunishika mkono na kuubonyeza kila tulipotakiwa kushuka.

Halafu akapata mimba, na mume hakuwepo. Desturi ya kanisa letu wakati ule ilikuwa kumtenga mtu wa namna hiyo. Hashiriki meza ya Bwana, haimbi, na sare yake inarudi kabatini. Lakini ilitakiwa kwaya yenyewe ikubali kwanza. Mwenyekiti akauliza nani anakubali, mikono ikapanda. Wangu haukuwa wa kwanza. Haukuwa wa mwisho pia.

Kwa kuwa nilikuwa rafiki yake, nilitumwa mimi kuchukua sare. Nilimkuta ameshaifua, ameipiga pasi ya makaa, ameikunja mikono ikiwa ndani. Alinipa kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mwenzake mtoto mchanga. Hakuniuliza kitu. Kama angeniuliza ningejua la kufanya na maisha yangu. Nilitembea nayo hadi kanisani, na kile kitambaa kilikuwa kinanukia vanila.

Wiki mbili baadaye akaja mtu wa kurekodi. Tulisimama kwenye jengo letu la mabati, jua kali, madirisha yote wazi. Yule bwana akavaa vitu vyake masikioni, akasema, "Ongeeni kidogo nipime sauti." Tukaangaliana, hakuna aliyekuwa na la kusema. Mwenyekiti akanigeukia. "Dada, ita majina."

Nikaita. Sita wakajibu. Nikafika pa saba, na ulimi ulikuwa umezoea. Nilivuta pumzi ya jina lake, nikaimeza. Na kutoka dirishani akasema yupo. Alikuwa amesimama nje pale, tumbo likiwa limeanza kuonekana, na sisi sote kumi na mmoja tulimsikia. Najua tulimsikia kwa sababu hakuna hata mmoja aliyegeuka. Mtu asiyesikia kitu hugeuza kichwa ovyo ovyo. Sisi tulisimama kama tumepigwa misumari. Nikatazama viatu vyangu, nikaita jina la nane. Tulipoimba, aliimba. Tulipomaliza, nikatazama dirishani, hapakuwa na mtu.

Alijifungua mtoto wa kike. Mtoto hajaanza shule, mama akafa kwa kifua. Sikwenda kuzika.

Mjukuu wangu alisikiliza yote akiwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye godoro. Nilidhani atanihukumu. Yeye akauliza jambo jingine.

"Huyo mtoto yuko wapi?"

"Kware. Ghorofa ya tano. Anafanya kazi ya kupakia sabuni."

"Wewe umejuaje?"

Nilijua kama mtu anavyojua jino bovu liko wapi. Nilimfuatilia kwa masikio miaka yote: alilelewa na mama yake mdogo, akaolewa, akaachika, akahamia huko. Jina lake ni la nyanya yake. Sijawahi kumpungia mkono.

"Ana sauti ya mama yake mahali popote?"

"Ana picha ya kipande cha kitambulisho tu. Hiyo sauti aitoe wapi?"

Mjukuu wangu akatazama kompyuta yake, pale ambapo sauti huonekana kama milima midogo. "Basi si mimi wa kuamua," akasema. "Na si wewe."

Tulikwenda Jumamosi mchana. Mtaa wa Kware umejengwa kwa kubanana hata mtu wa ng'ambo anaweza kukupokeza chumvi, na ngazi zake ni giza hata jua likiwa utosini. Nilipumzika kila ghorofa. Mjukuu wangu alibeba kompyuta na zile za kuvaa masikioni, mimi nilibeba mkate na majani ya chai, maana huendi kwa mtu mikono mitupu, hata ukiwa umekwenda kuungama.

Alifungua mlango mwanamke mrefu, umri wake karibu arobaini, mikono imepauka kwa sabuni. Niliona uso wa rafiki yangu.

"Karibu, mama. Nisamehe, sikukumbuki."

"Hunijui. Mama yako ndiye aliyenijua."

Alitukalisha kitandani, yeye akakaa juu ya mtungi wa maji uliopinduliwa. Nilimweleza karibu yote niliyoandika hapa, na jina la mama yake nikalitaja. Nilipofika kwenye sare alitazama mikono yake. Nilipomaliza alisema tu, "Nipeni nisikie."

Mjukuu wangu akamvika zile za masikioni. Sisi hatukusikia kitu, tulimwona. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Ghafla akashika zile za masikioni kwa mikono yote miwili, akazikandamiza.

"Rudisha."

Akarudishiwa.

"Rudisha tena."

Mara ya nne alizivua, akaniuliza, "Wakati huo nilikuwa na miezi mingapi?"

"Tumboni? Mitano."

"Basi hata mimi nilikuwa hapo dirishani," akasema. "Mlituruka wawili."

Nilikubali kwa kichwa.

Akamgeukia mjukuu wangu. "Dada, unaweza kunitolea yeye peke yake? Awachwe yeye, hao wengine waondoke?"

"Nilijaribu," mjukuu wangu akasema. "Skiza." Akamwekea kile alichojaribu. Mimi nilikuwa nimekisikia nyumbani: kompyuta ilikuwa imemng'oa rafiki yangu kutoka kwetu, akabaki anaimba kama mtu aliye ndani ya pipa la maji, maneno yameliwa. "Sauti zote ziliingia kwa mkanda mmoja. Nikimvuta, anakuja na vipande vya wengine, na wengine wanabaki na vipande vyake. Ukimtaka mzima, ni lazima umchukue akiwa nao."

Yule binti akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Mlimtoa kwa kunyoosha mikono tu," akaniambia. "Leo hata mashine imeshindwa."

Hapo nikasema nililokuwa nimelipanga ngazi zote tano. Nikamwambia mjukuu wangu anaweza kunirekodi sasa, niite lile jina la saba, aliweke pale kwenye nafasi, na likae sawa na mengine. Nikamwambia mtu hatajua. Mjukuu wangu aliinua macho akanitazama, maana hatukuwa tumelizungumza hilo.

"Usiliweke," binti akasema.

"Ni jina lake, mwanangu."

"Najua ni jina lake. Mimi nimekuwa nikiliandika kwa fomu maisha yangu yote. Wacha hivyo hivyo. Wacha wasikie ukiruka." Akainuka, akawasha jiko la gesi kutupikia chai kwa majani tuliyoleta. "Na yeye wamsikie akiitika. Hiyo ya kuitana majina isikatwe. Hilo ndilo nataka."

Tulikunywa chai. Aliniuliza mama yake alinukia nini, nikamwambia vanila. Akasema hilo halikuwa kwa picha.

Sasa alikuwa amebaki mwenyekiti. Nilimpigia simu siku iliyofuata baada ya ibada, nikiwa nimesimama jikoni.

"Kaseti iko tayari," nikasema. "Na kuitana majina kumebaki."

"Nilimwambia mtoto akate."

"Dada, ulimsikia siku ile?"

Nilisikia redio ya kwa mwanawe, ikisoma habari.

"Hayo yako kwa mchanga," akasema.

"Hayako kwa mchanga. Yako kwa kaseti. Ulimsikia?"

"Wewe ndiye uliyekuwa ukiita."

"Ndiyo. Nami nasema mbele yako nililiruka. Nakuuliza wewe."

"Mimi ni mzee. Unataka nikae mbele ya kanisa niaibishwe na redio?"

"Mimi pia nitakuwa nimekaa."

"Basi jina langu lisitajwe."

"Liko pale, dada. Nililiita la kwanza, na uliitika."

Akakata simu. Sikujua kama atakuja.

Ijumaa ya kuelekea Jumapili ile ya kumbukumbu mjukuu wangu alikwenda kanisani na kompyuta, mchana, nami nikaandamana naye. Jengo ni lile lile la mabati, ila sasa lina dari na spika kubwa nne zilizotundikwa vibaya. Akanikalisha benchi la mbele, halafu la katikati, halafu nyuma, akicheza ule mwanzo kila mara na kutembea huku na huku. Kwa spika zile rafiki yangu alipotea kabisa. Ile nafasi ilipita tupu, kama mtu amesahau tu.

"Mpandishe," nikasema.

Akampandisha kidogo. Nilimsikia nikiwa mbele, nyuma sikumsikia.

"Zaidi."

"Nikimpandisha zaidi atakuwa ndani, shosho." Alikuwa amesimama katikati ya mabenchi, kompyuta kwenye mkono kama mtoto. "Atasikika kama mlikuwa naye. Mlikuwa naye?"

"Hatukuwa naye."

"Basi lazima dirisha lisikike. Mtu akisikiliza, asikie yuko nje."

Alifanya kazi pale saa nzima juu ya neno moja. Hakumwongezea nguvu tena, alitushusha sisi. Alipunguza ule mvumo uliokuwa ukimfunika, akaacha upepo wa uwanjani na kuku aliyekuwa akipita wakati ule, akaacha pumzi yangu niliyoimeza. Mimi nilikaa benchi la nyuma na mkoba wangu mapajani. Hakuna mchele wa kuchambua, lakini alikuwa akinitazama vile vile. Aliposema mara ya mwisho, "Skiza," niliinua kichwa na kugeukia dirisha kabla sijajizuia.

"Sawa," akasema, akafunga kompyuta.

Nje ya dirisha lile siku hizi hakuna mahali pa kusimama. Wamejenga ghorofa ya kukodisha, ukuta wake uko karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono unagusa saruji, na kanisani huwashwa taa hata asubuhi.

Jumapili ile mwenyekiti alikuja. Alikaa mbele, kofia nyeupe, mgongo wima kama zamani. Mimi nilikaa upande mwingine wa njia. Binti wa Kware alichelewa, akaingia nyuma na kukaa kwenye benchi lililo chini ya lile dirisha. Hakuna aliyemjua, na mimi sikumwelekeza. Mjukuu wangu alikuwa kwenye meza ya mitambo.

Kaseti ikaanza. Watu walitabasamu kusikia majina, wengine wakigusana mabega, ni mama yangu huyo, ni nyanya huyo. La kwanza. Mwenyekiti alitikisa kichwa kidogo kujisikia akiitika akiwa kijana. La pili, la tatu, hadi la sita. Kisha ile nafasi. Nilijisikia nikivuta pumzi na kuimeza, mbele ya kanisa zima, na haikuwa hata sekunde mbili.

"Nipo."

Wengi hawakujua wamesikia nini. Mtoto mmoja aliuliza kitu, mamake akamtuliza. Lakini nilikuwa nikimtazama mwenyekiti, maana ndiye peke yake pale aliyekuwa na sababu ya kuganda tena. Mikono yake ilishika mkoba. Halafu shingo ile ya mzee, polepole, ikageuka kuelekea dirishani.

Pale chini ya dirisha alikuwa amekaa mwanamke mrefu mwenye uso ule. Walitazamana. Jina la nane likaitwa, na la tisa, na wimbo ukaanza, na mwenyekiti alikuwa bado hajageuka mbele.